Mwalimu wa Chini ya Moja

Ukimuuliza mtu yeyote wa upande wetu wa Kathonzweni habari za Mwalimu wa Fizikia, atakuambia ni yule mzee aliyefukuza nyuklia. Atakuambia kwa fahari, na akiwa na nafasi atakupeleka mpaka kiwanja cha mpira akuonyeshe hema lilikosimama siku ile. Mimi nilikuwa ndani ya hema hilo, kwenye kiti cha plastiki, na ninasema yule mzee hakufukuza kitu. Nimelisema hili sokoni na nimelisema kanisani. Watu hunitazama kwa huruma, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na wanaona mambo ya atomi lazima yalinipita juu ya kichwa.

Tulifundisha shule moja miaka mingi, meza zetu zimegusana katika chumba cha walimu. Aliniita Madam, hata tulipokuwa tunagombana. Alikuwa mrefu na mkavu, na koti lake siku zote lilikuwa la kumtosha mtu mwingine. Fundi mmoja wa mji wa Wote alitaka kumshonea suti ya kwenda kumwoza binti yake, akatoa utepe wa kupimia, na Mwalimu akarudi kinyumenyume hadi akagonga mlango. Nilikuwapo. Mtu aliyemaliza ujana wake akipima vitu visivyoonekana hakutaka kuguswa mabega. Kwenye picha za harusi ile amevaa koti lake la zamani, na vidole vyake havionekani.

Kabla ya kuja shuleni kwetu aliishi ng'ambo, akifanya kazi katika maabara ambayo jina lake sijawahi kuliweza. Huko walikuwa wakijaribu kinu cha nyuklia cha aina ya pekee, kinu kisichoweza kuwaka chenyewe. Kazi yake haikuwa kukiwasha. Kazi yake ilikuwa kupima kiko mbali kiasi gani na kuwaka. Aliporudi nyumbani hakukuta kinu, wala kivuli cha kinu, akaajiriwa kufundisha, na tangu hapo alikuwa na haja moja tu: mashine ya namna hiyo ijengwe mahali anapoweza kufika kwa bodaboda, aipime tena kwa mikono yake kabla hajafa. Hakuificha haja hiyo. Alimwambia kila mtu, mpaka muuza maandazi. Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yananiuma.

Nitaieleza hiyo mashine kama alivyonieleza, kwa sababu sina njia nyingine. Tulikuwa jikoni mwa shule tukingoja chai, na moshi ulikuwa umejaa.

"Ona hizo kuni mbichi, Madam," akasema. "Mpishi akipuliza zinawaka. Akiacha, zinazima. Sasa hiyo ndio mashine yetu. Moto hauwezi kukimbia na nyumba, maana ukiacha kupuliza, umekwisha. Si ndio?"

"Ndio."

"Lakini kuni zikikaa kwa moto zinafanya nini?"

"Zinakauka."

"Haya. Na mwenye kupuliza atajuaje zimekauka kiasi gani?"

Nikamwambia ataona moto umekuwa mkubwa. Akafurahi kama mtu aliyekuwa akilingojea kosa hilo tangu asubuhi.

"Pengine ni mkubwa kwa sababu amepuliza na nguvu! Huwezi jua ukiwa unapuliza. Acha kidogo tu, uangalie vile unakufa. Ukifa mara moja, kuni ni mbichi, endelea. Ukichelewa kufa, kuni zimekauka. Hapo uache mambo yote uanze kufikiri."

Hiyo ndiyo elimu yenyewe. Badala ya pumzi, wao hutumia mashine ndefu inayorusha chembe kwa kasi ya kutisha zikagonge chuma kizito, na kutoka humo huruka nyutroni, zinaingia kwenye fueli na kuzaa nyutroni nyingine. Nyutroni moja ikizaa moja, moto unajiendesha. Ikizaa zaidi ya moja, kila mtu amwite Mungu wake. Ikizaa pungufu ya moja, ukoo unakwisha, isipokuwa mashine ikiendelea kuleta wageni kutoka nje. Mwalimu alitaka tubaki chini ya moja, lakini tujue chini kiasi gani, leo na kesho na keshokutwa. "Chini ya moja si jibu," alikuwa akisema. "Hata mlevi kwa ukingo wa mto ameketi nchi kavu."

Chifu aliwahi kumpa nafasi kwenye baraza azungumzie sayansi kidogo. Akaeleza mambo ya mmoja kuzaa mmoja, na hatari ya mmoja kuzaa zaidi ya mmoja, na uzuri wa kujua umbali wako. Alipoketi, muuguzi wa zahanati alisimama akamshukuru kwa kuligusia suala la uzazi wa mpango kwa ujasiri ambao wanaume wengine wa eneo hili hawana. Akina mama walipiga makofi. Mwalimu aliinama akapokea shukrani zote, na njiani kurudi aliniambia hakujua watu wetu wanaipenda fizikia hivyo. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Alikuwa na tabia ya kupima kila kitu kwa njia ile ile ya kuni. Yaani alingoja kinachokisukuma kitu kiondoke, halafu akatazama. Hakuna aliyehudhuria uzinduzi wa miradi kama yeye. Kisima, soko, kituo cha kukusanya maziwa, mahali popote palipokatwa utepe, Mwalimu alikuwapo na koti lake, akila mkate na soda kama sisi wengine. Tofauti ni kwamba yeye alirudi kesho yake. "Gari la kaunti likiondoka ndipo upime," alisema, na Jumatatu katika chumba cha walimu alitupa matokeo. Kisima cha huko chini kimekufa mara moja. Kituo cha maziwa kinashuka polepole, kuna tumaini. Mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaosaidiana kuchimba makinga-maji mlimani, hao aliwaogopa kwa heshima. Siku yao ikifika walitoka na majembe, wakashukia leo shamba la huyu na kesho la yule, wakiimba, hakuna aliyewaita. "Hao wako karibu na moja kabisa," alisema. "Hata ukimwondoa mwenyekiti hawatajua ameondoka."

Kanisani alipima pia, na huko ndiko alikochomeka. Jumapili moja stima ilipotea katikati ya kusifu. Kinanda kikanyamaza, kipaza sauti kikafa, na Mwalimu akaonekana akitazama saa yake ya mkononi. Baada ya ibada alimfuata Pasta mlangoni, mbele ya watu.

"Pasta, kanisa letu liko chini ya moja. Tena mbali sana. Haleluya imekufa kabla sijatoa mkono kwa koti."

"Mwalimu," Pasta akasema, "sasa unampima Roho Mtakatifu?"

"Hapana, Pasta. Napima sisi."

Akaongeza kwamba wale nyanya wa benchi la nyuma waliendelea kuimba kidogo, na hao ndio wa kutunzwa. Pasta hakumsalimia mpaka mavuno. Mke wa Mwalimu, mama mpole ambaye alikuwa katika kamati ya maua, aliacha kuketi naye ibadani kwa muda huo huo.

Habari ya nyanya wale ilikuwa na maana kwake. Katika kinu, alisema, kuna nyutroni zinazochelewa kuzaliwa. Ni chache mno. Wenzao wote wakishazaliwa na kwisha, hizo ndizo zinaingia zikihema. Bila hizo hakuna binadamu angeweza kukidhibiti kinu chochote, kwa kuwa mambo yangekuwa yamekwisha kabla hajafikia swichi. Na ukitaka kujua umbali wako na moja, unakata mpulizo ghafla, unalinganisha zilizowahi na zilizochelewa. Kwa sababu ya hesabu hii alikuwa mwalimu pekee katika kaunti nzima aliyewapenda wanafunzi wachelewaji. Zamu yake ya lango ikifika, aliwapa mkono mmoja mmoja. "Karibuni. Nyinyi ndio mnatupatia nafasi ya kufikiri." Mwalimu Mkuu alimwondolea zamu ya lango akampa ya vyoo.

Na wakati huo huo, yeye mwenyewe hakuwahi kuchelewa hata kwa chai. Alifika shuleni kabla mlinzi hajafungua, akasimama nje akinung'unika. Chai ikichelewa aliinua kikombe kitupu na kukitazama ndani, mpaka mpishi akaona aibu. Nilimwambia siku moja kwamba hapo anajipinga. Akasema mtu hapaswi kuwa kila aina ya nyutroni.

Kulikuwa na mengine ya kuchekesha. Alipanda ndengu kwa kuchelewa kila msimu kwa sababu alitaka kuhakikisha kwanza kwamba mvua imekuja kweli, na kufikia hapo za jirani zilikuwa zimeshatoa maua. Alikuwa na ubishi usiokwisha, na ukimshinda hoja alikohoa. Hakuweza kusema uongo hata wa adabu. Nilimkaribisha muthokoi kwangu, akala kimya, nikamuuliza vipi, akasema, "Chumvi iko chini ya moja." Nilikasirika wiki nzima. Lakini pale mume wangu alipolazwa Makueni, ni yeye aliyefundisha madarasa yangu ya fasihi pamoja na yake, bila kuombwa, na wanafunzi walinisimulia kwamba alipofika kwenye ushairi aliomba wasome kisha wanyamaze ili asikie kinachobaki. Hilo nililikubali. Mpaka leo ninafundisha hivyo.

Sasa nirudi kwenye hema.

Habari zilianzia Wote, kama kawaida. Kwamba wakubwa wa Nairobi na wageni wao wanatafuta mahali pa kujenga kituo cha majaribio, na kwamba kitu chenyewe ni kile kile kinu kisichowaka chenyewe. Mwalimu alikuwa ameshastaafu. Alikuja kwangu na gazeti, amevaa viatu bila soksi.

"Madam, wanaileta. Wanaileta hapa!"

Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi hivyo. Aliketi, akasimama, akaketi tena. Alisema hataki cheo, hata wakimpa kazi ya kufagia atafagia, mradi siku ya kupima wamwite asimame karibu. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, na hilo pia alilitaja: yafaa wajenge haraka. Niliomba na mimi kijengwe, ingawa niliogopa, kwa sababu ya uso ule.

Siku ya kushirikisha wananchi hema lilijaa. Tuligawiwa fulana na kofia. Mwakilishi wadi wetu alicheza mbele ya spika, akasema kituo hiki ni yeye amekililia miaka yote, na kwamba asiyekitaka ahamie kwingine. Akaja injinia kijana, mwenye viatu vya kung'aa na fulana ya kumulika, akaeleza vizuri. Akasema mashine iko chini ya moja, haiwezi kulipuka, kwa hiyo tulale usingizi.

Hapa lazima nimweleze msomaji desturi yetu. Mgeni rasmi akimaliza kusema, anayekubali hupiga makofi. Asiyekubali hunyamaza na kula mkate wake. Anayepinga kabisa, huyo ndiye huomba kipaza sauti na kusema kwamba ana swali dogo tu. Huku kwetu Ukambani sijawahi kusikia swali dogo. Swali kwenye baraza ni rungu lililofungwa kwa leso, na kila mtu analijua hilo tangu utotoni. Kila mtu isipokuwa Mwalimu, ambaye kule alikokaa watu huuliza kwa sababu wanataka kujua.

Akainua mkono. Nilimvuta koti, nikashika kitambaa kitupu.

"Mimi niko na swali," akasema, na hema zima likageuka. "Injinia, umesema vizuri na nimefurahi sana. Sasa niambie. Mashine ikiwa kazini, kila siku mtakuwa mnajuaje iko mbali kiasi gani na moja?"

"Mzee, iko chini ya moja. Iko designed hivyo."

"Leo. Lakini fueli inabadilika ikitumika. Mwaka ujao je?"

"Tulicalculate yote."

"Kuhesabu ni sawa. Nauliza kupima."

"Tutapima siku ya kufungua, halafu computer inaendelea."

"Mtakuwa mnakata mpulizo kidogo, muone vile inashuka? Kama kupepesa jicho tu?"

Injinia alicheka kidogo. "Mzee wangu, ukizima-zima ovyo, investor atakubali kweli? Hiyo tutaidiscuss offline."

Mwalimu alibaki amesimama na kipaza sauti mkononi, akingoja. Alikuwa anangoja jibu. Niliona hivyo kwenye uso wake, hakukuwa na kitu kingine. Lakini nyuma ya hema mzee mmoja alipaza sauti: "Hawana jibu! Mwalimu amekataa!" Na mwingine: "Msomi wetu amekataa!" Vigelegele vikapanda. Watu wakaanza kuvua zile fulana, wengine wakazificha kwanza. Mwakilishi wadi alimpokonya Mwalimu kipaza sauti akatangaza kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiupinga mradi huu tangu mwanzo, ila alitaka kuwasikiliza wananchi. Magari ya wageni yaliondoka kabla vyakula havijapakuliwa, na vyakula vililiwa.

Tangu hapo akawa shujaa. Pasta yule yule alimweka mbele ya kanisa wakamshukuru Mungu kwa ajili yake, na akapewa mbuzi. Watoto walimpigia saluti barabarani. Alijaribu kueleza. Nilikuwa naye dukani Wote alipomwambia mwenye duka, kwa sauti ya kuomba, "Mimi sikukataa. Niliuliza tu. Mimi naitaka hiyo mashine." Mwenye duka alitazama kushoto na kulia, akainama, akamnong'oneza: "Ni sawa, Mwalimu. Tunaelewa. Lazima useme hivyo, wakubwa wako na masikio." Kadiri alivyokana ndivyo sifa ya hekima yake ilivyokua. Mwishowe aliacha kukana. Aliacha pia kwenda kwenye uzinduzi, na hilo lilinitisha zaidi.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa utulivu ilikuwa mwaka huu, baada ya ndengu kukauka. Nilimkuta uani akipepeta, amekonda ndani ya lile koti, jicho moja limefungwa kwa bandeji baada ya kupasuliwa. Nilichukua ungo wa pili. Nilimuuliza kama anajuta kusimama siku ile. Alipepeta kwanza.

"Wangenijibu vizuri, Madam, ningewapigia makofi mpaka mikono ivimbe. Hilo tu."

"Na ungenyamaza, saa hii ingekuwa inajengwa."

"Ingejengwa. Halafu ningekaa hapa nikiiangalia, na sijui iko wapi." Alikohoa, ingawa sikuwa nimemshinda.

Kabla sijajibu, gari la Probox liliingia uani limejaa vumbi. Walishuka wazee wawili na mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, amebeba jogoo. Walikuwa wametoka Migwani mapema, wakapitia Kitui. Tulisalimiana, wakaletewa maji, wakasifu ndengu. Kisha yule mama, ambaye alikuwa mwenyekiti wao, akaeleza. Mradi ule umehamishiwa upande wao. Wiki ijayo hema litawekwa Migwani. Hawautaki, na mwakilishi wao ameshaanza kucheza.

"Tumesikia wewe ndio dawa, Mwalimu," akasema. "Tumekuja kukuchukua. Utalala kwetu, utakula vizuri. Siku ikifika utasimama uulize ile swali yako."

Mwalimu aliweka ungo chini.

"Ni injinia yule yule anakuja?"

"Tunasikia ni mwingine. Mama fulani, amesomea huko nje."

"Amesomea kupima?"

"Hatujui alisomea nini."

Niliona kitu kinatembea kwenye lile jicho lililobaki wazi, nikakijua: kilikuwa kile cha siku ya gazeti.

"Mwaitu," akamwambia yule mama, akimwita mama kwa Kikamba, kwa heshima kubwa, "tuseme nimeuliza, na huyo anijibu. Anijibu vizuri kabisa, aonyeshe watapima namna gani, kila siku. Mtakubali ijengwe?"

Wazee wa Migwani walitazamana. Mama alicheka mpaka jogoo akapiga mabawa.

"Aiya! Mwalimu, hiyo ya jibu usijisumbue. Jibu si yetu. Wewe uliza tu."

Nilidhani atawafukuza. Nilitaka awafukuze, nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake. Lakini yeye aliinuka akaingia ndani, tukamsikia akifungua sanduku, na alipotoka alikuwa amebeba mfuko na amevaa soksi. Nikamfuata mpaka kwenye gari.

"Mwalimu, umewasikia. Hawataki jibu. Watakutumia uue kile unachokitaka, mara ya pili."

"Nimewasikia, Madam."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Huyo mama amesomea huko nje," akasema. "Labda yeye anajua."

Walimpa kiti cha mbele, kwa kuwa ni shujaa. Mkewe alifunga mlango mlegevu kwa nguvu kutoka nje. Gari lilipotoka langoni, akina mama wa mwethya waliokuwa wakipita na majembe walipunga mikono na kupaza sauti, "Nenda uwakatae, Mwalimu!" naye akawapungia. Mimi nilirudi kwenye ndengu, nikaketi. Katika makanisa yote ya Kitui na Makueni watu walikuwa wanamwombea huyu mzee ashinde. Mimi niliomba ajibiwe.